Mabango Saba ya Malkia

Gundi ya unga wa muhogo ina uchachu wake, na ukiichemshia kwenye sufuria iliyopikiwa dagaa jana yake, uchachu huo unazidi. Mama alinikataza kabisa kugusa sufuria yake, nami nikaigusa kabisa. Niliikoroga uani asubuhi ya baridi ya Juni, ukungu bado umekalia migomba, moshi wa kuni ukiniingia machoni, mpaka uji ukawa mzito wa kushika karatasi ukutani. Hadi leo nikisikia harufu ya muhogo uliovundikwa, moyo unanishuka. Wengine inawakumbusha ugali wa kwao. Mimi inanikumbusha mabango saba, na rafiki niliyempoteza kwa mkono wangu mwenyewe, huku nikijiona nimefanya jambo la maana kuliko yote niliyowahi kufanya.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, Kidato cha Pili, katika shule ya kata upande wa Busunzu, wilaya ya Kibondo. Kwetu hasa ni Lushoto. Baba alikuwa bwana shamba, mama muuguzi wa zahanati, na serikali ilikuwa imetutupa huko juu miaka miwili kabla, kwenye udongo mwekundu na vilima visivyokwisha. Wenzangu shuleni walizungumza Kiha nyumbani na Kiswahili darasani. Mimi nilikuwa na Kiswahili tu, tena kile cha kwetu cha maneno mengi, na kwa ajili hiyo, jamani, nilikuwa na kiburi! Wasemao husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba yangu mimi ilikuwa ulimi. Nilisahihisha watu sokoni. Niliwahi kumsahihisha hata mwalimu wa Uraia, nikachapwa, na nikaendelea kuamini kuwa nilichapwa kwa sababu nilikuwa sahihi.

Mwaka ule Mwalimu Ndimbo, mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu wa Songea aliyependa maigizo kuliko chakula, alitunga mchezo kwa ajili ya Siku ya Wazazi. Ulikuwa unahusu malkia wa zamani ambaye nchi yake ilikauka, akashuka kwenye kiti chake akaenda kutafuta maji kwa miguu kama mtu yeyote. Mgeni rasmi angetoka wilayani, na shule ambayo mchezo wake ungempendeza ingepelekwa Kasulu kushindana na shule kubwa za huko, zile zenye ukumbi wa kweli na pazia la kufunguka. Mwalimu alinikabidhi kazi mbili, maleba na matangazo. Maleba ndivyo alivyoyaita mavazi ya jukwaani, nasi tulilipenda neno hilo hata tukaanza kuziita sare zetu maleba. Askari wa malkia niliwashonea fulana za viroba vya mbolea alivyonipa baba, nikavigeuza ndani nje ili maandishi yasionekane. Taji nilikata kwenye boksi la biskuti, nikalipaka rangi ya njano ya manjano na mayai, likanuka vibaya sana. Wazee wa baraza niliwavika mablanketi. Kazi ilikwenda vizuri isipokuwa kwa malkia mwenyewe. Kila nilichomvisha kilimfanya aonekane mwanafunzi aliyevaa shuka.

Malkia alikuwa Konsolata. Si jina lake, na mbele utaelewa kwa nini sitaliandika la kweli. Alikaa na mama yake na mdogo wake wa kiume kwenye nyumba ya tofali za kuchoma nyuma ya kilima, wakilima maharage na muhogo katika shamba la kukodi, na mama yake akisuka vikapu vilivyosifika hadi Kibondo mjini. Konsolata alikuwa mpole darasani hata walimu walimsahau wakati wa kuita majina. Lakini akipanda jukwaani, sijui alikuwa anaitoa wapi sauti ile. Alisema, "Kiti hakinywi maji, watu ndio wanaokunywa," na wavulana wa nyuma waliokuwa wakitupiana maganda ya miwa wakanyamaza wenyewe. Alikuwa rafiki yangu wa kwanza huko, na wa pekee aliyeweza kuniambia, "Wee Zubeda, funga domo kidogo upumue," nikacheka badala ya kukasirika.

Jioni moja nilimfuata kwao kuchukua vipimo, nikamlalamikia mama yake kwamba nimeshindwa kumpata malkia. Mama Konsolata alinisikiliza huku akimenya mihogo. Akanawa mikono, akaingia ndani, na nikasikia sanduku la bati likifunguliwa kwa mlio wa kutu. Alirudi na vitambaa viwili vyepesi vya rangi ya dhahabu iliyofifia, vimekunjwa ndani ya gazeti. Akamsimamisha binti yake uani. Kimoja akamfunga kiunoni, kingine akakipitisha chini ya kwapa na kukifunga juu ya bega, pasipo pini wala uzi, vidole vyake vikienda haraka kwa mazoea. Jina lake imvutano, aliniambia, vazi la kina mama la sherehe, na lile alivikwa siku ya harusi yake, nyumbani, ng'ambo ya mto, upande wa Burundi. Nilikuwa nimekaa juu ya kinu, mdomo wazi. Mbele yangu alikuwa amesimama malkia. Hata kuku waliokuwa wakidonoa maganda walionekana kumpisha, au ndivyo nilivyotaka kuona. Mama yake akamtazama, machozi yakamjaa, akacheka ili yasimwagike. Kisha akanigeukia mimi na kusema maneno ambayo nimeyarudia kichwani mwangu maelfu ya mara: "Mtunzie, mwanangu. Na wakikuuliza limetoka wapi, waambie ni vazi la Kiha tu, la huko Kasulu."

Nilisema, "Ndiyo, mama." Nilisikia, lakini sikuelewa, na asiyejua maana haambiwi maana. Nilidhani anaona haya. Nilidhani ni ule unyenyekevu wa watu wa kijijini wasiojua thamani ya walicho nacho, nikajiambia mimi binti wa Lushoto nitawaonyesha watu thamani yake. Kile ambacho kila mtoto wa kijiji kile alikijua tangu anatambaa, mimi sikukijua. Kiha na Kirundi vimekaribiana hata mgeni hawezi kutofautisha, na nyuma ya vilima vile walikuwako watu waliovuka mpaka nyakati mbalimbali, wengine wakapata uraia na kuwa Watanzania kwa karatasi na kwa moyo, wengine wakiwa bado hawajapata kitu, wameondoka kambini kimyakimya, wamelima, wamezikana na majirani, wamebatizana watoto. Jirani alijua nani alikuja lini. Mwenyekiti wa kitongoji alijua, na alikula kwa kina Konsolata Krismasi. Siri ya mtungi aijuaye kata. Hapakuwa na mkutano uliowahi kukaa kuamua kwamba jambo hilo lisisemwe. Lilikuwa halisemwi tu, na kutosemwa huko ndiko kulikokuwa paa la nyumba ile.

Sasa mabango. Mwalimu Ndimbo alikuwa na msemo wake, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini akaongeza kwamba hata kizuri kinahitaji mtu wa kukitandikia mkeka sokoni. Nilipewa karatasi saba za manila na kalamu mbili za wino mzito, nyekundu na nyeusi. Nilikaa sakafuni kwetu siku mbili. Nilimchora malkia amesimama, bega moja wazi, fundo juu ya bega jingine, na niliwachora watu wadogo miguuni pake wenye vibuyu. Nilimchora vizuri, nasema hivyo hata leo. Jina la mchezo nililiandika kwa herufi nyekundu zenye kivuli. Siku, saa, mahali. Halafu bado nafasi ilibaki chini, na mimi nafasi tupu siiwezi. Nikaandika: "Mwone malkia halisi kutoka Burundi! Konsolata wa Busunzu, katika vazi la harusi la mama yake lililovuka mto!" Nikaliandika hilo mara saba, kwa mkono wangu mzuri, na kila mara nililisoma kwa sauti. Sikumwonyesha Konsolata. Nilitaka alione mwenyewe, ashtuke kwa furaha.

Nilibandika Jumatano, siku ya gulio, tulipotolewa shule mapema. Konsolata alikuwa amewahi kwao kumsaidia mama yake kupura maharage. Nilibandika lango la shule, stendi, mlango wa zahanati, na mawili sokoni. Moja nilimpa karani wa ofisi ya kata, kijana mstaarabu aliyeusifu mwandiko wangu na kuliweka kwenye ubao wa matangazo, ule wenye wavu na kufuli. La saba nilimkabidhi dereva wa idara ya baba alipeleke Kibondo mjini. Sokoni, kabla gundi haijakauka, alikuja mama mmoja muuza maharage ambaye nilimjua kwa sura tu, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kanga kiunoni. Alisoma polepole akifuata kwa kidole. Akaniuliza, "Mwana, nani amekutuma kuandika hivi?" Nikajibu kwa majivuno kwamba ni mimi mwenyewe. "Toa," akasema. Nikadhani sikusikia. "Oya, hapana, mwana. Toa hiki." Na akalibandua mwenyewe, akalikunja mara nne, akaliweka chini ya gunia lake. Sikio la kufa halisikii dawa. Nilimwona mshamba, mwenye wivu kwa kuwa binti yake hakuchaguliwa. Nilizunguka soko nikisubiri ageuke kupima maharage ya mteja, nikalichomoa chini ya gunia, nikalinyoosha, na nikalibandika upya mahali palepale, kwa gundi maradufu.

Kesho yake asubuhi Konsolata alinisubiri kwenye njia ya shule. Hakuwa na begi. Nilimkimbilia nikicheka, nikasema, "Umeliona? Umeliona?" Akaniuliza tu, "Umeweka mangapi?" Nikamwambia saba. Akaniuliza wapi na wapi, akahesabu kwa vidole nilipokuwa nikitaja, na nilipotaja ofisi ya kata kidole kikasimama. "Twende tukayatoe," akasema. Nikamwambia kuna kipindi cha Hesabu. "Twende sasa." Ndipo tulipokuwa tukishuka kilima aliponiambia, bila kunitazama, kwa sauti ya chini ya darasani, "Mama hana karatasi. Na mimi sina. Tulitoka kambini mimi nikiwa mgongoni. Watu wote wanajua, Zubeda. Hakuna anayesema. Umesema wewe."

Nikatangulia mbio hadi lango la shule. La langoni lilitoka, na la zahanati pia. La stendi lilitoka nusu. Yale ya sokoni yalikuwa yamekauka yakawa sehemu ya ukuta, tukayakwangua kwa magunzi na kwa kucha, na karatasi ilipotoka wino ulikuwa umeshapenya kwenye chokaa, herufi nyekundu zinasomeka vizuri kabisa. Gundi nilikuwa nimeikoroga vizuri mno. Mama muuza maharage alituona. Hakunitukana. Alileta maji kwenye kopo na tope jekundu, akatusaidia kupaka juu ya maneno, akisema "Yoo, yoo," kwa pumzi. Ofisi ya kata karani alikuwa ameenda kikaoni na ufunguo wake. Tuliingiza kijiti kwenye matundu ya wavu, Konsolata akiangalia barabara, mimi nikikwaruza, na kijiti kilifika kwenye jina la shule peke yake. Malkia akabaki pale nyuma ya wavu, bega moja wazi, na maneno yangu yote miguuni. Na la Kibondo mjini sikujua hata limebandikwa ukuta gani. Nilikaa chini kwenye ngazi za ofisi nikaanza kulia. Konsolata akaniinua kwa mkono. "Usilie wewe," akasema. "Ukilia watu watauliza." Tukanawa gundi bombani, akajifutia sketi, akapanda njia ya kwao bila kugeuka. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu utotoni. Hata katika siku ile ni mimi niliyebembelezwa.

Ijumaa hakuja. Saa nne wakafika shuleni watu wawili kwa pikipiki, wamevaa mashati safi, mmoja na faili kwapani. Msimu ule ukaguzi wa wageni wasio na karatasi ulikuwa ukipita vijiji vyote, na wao walikuwa wakifanya kazi yao, hawakupiga kelele wala kumtisha mtu. Waliuliza kwa adabu kama wanaweza kuzungumza na mwanafunzi aliyetajwa kwenye tangazo. Mimi nikatoka kwa dirisha la nyuma la darasa nikakimbia. Nilikimbia hadi nyuma ya kilima bila kusimama, nikapiga hodi kwenye nyumba ya tofali, na mlango ukafunguka wenyewe kwa sababu haukuwa umefungwa. Jiko lilikuwa baridi. Vikapu viwili ambavyo havijamaliziwa viliegemea ukutani. Uani maharage yao ya msimu mzima yalikuwa bado yameanikwa juu ya turubai, na jirani alikuwa amepiga magoti akiyakusanya kwa ungo, kwa utaratibu, kama mtu anayemwekea mwenzake. Nikamwuliza wako wapi. "Wameenda Kasulu kumwona mgonjwa," akasema. Mgonjwa gani? Akaweka ungo chini. "Mwana," akasema, "wewe bado tu unauliza?"

Nilidhani mchezo utafutwa. Haukufutwa, mgeni rasmi alikuwa njiani, na Mwalimu Ndimbo aliniita stoo akafunga mlango. Alikuwa ameshajua yote. Sikuwahi kumwona amezeeka vile. Akaniambia kwamba maneno ya malkia ninayajua mimi peke yangu kwa kuwa nilikuwa nikiwakumbusha wenzangu mazoezini, kwa hiyo nitavaa mimi na nitasimama mimi. Nikakataa. Nikamwambia afadhali anichape hadi kesho. "Sikuombi," akasema. "Wale wawili watakuwepo. Wakimwona malkia wa bango ni binti wa bwana shamba, huenda wakaona ni mbwembwe za watoto, wakafunga faili. Kama kina Konsolata hawajafika mbali, hilo ndilo pekee tunaloweza kuwafanyia." Majuto ni mjukuu, nilikuwa nikiliandika katika insha kila muhula na kupewa alama nzuri. Siku ile ndipo nilipokutana naye huyo mjukuu uso kwa uso.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Watu walikaa madirishani. Mabango yangu, hata yaliyopakwa tope, yalikuwa yamefanya kazi yake. Nyuma ya pazia la mablanketi nilivitoa vile vitambaa vya dhahabu kwenye kabati la maleba, nilikokuwa nimevitunza tangu jioni ile, na nikagundua kwamba sijui kuvifunga. Mimi, fundi wa maleba wa shule nzima! Nilifunga begani, kikateleza. Nikatafuta pini, nikawaza kukata kidogo nishone haraka, nikashika mkasi kabisa. Mkono mkavu ukauchukua mkasi ule. Alikuwa mama muuza maharage. Sijui nani alimpitisha. Alinigeuza, akakifunga cha kiunoni, akapitisha cha pili chini ya kwapa, akakaza fundo juu ya bega langu, na vidole vyake vilikwenda haraka kwa mazoea yaleyale niliyoyaona kule uani. Nikamwangalia usoni, naye akaona kwamba nimeelewa. Hofu iliyopita machoni pake, Mungu anisamehe, ilikuwa ya kuniogopa mimi, mtoto. Nikafunga mdomo. Nadhani ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza. "Sasa kasimame," akasema.

Kabla ya kuanza Mwalimu Ndimbo alitoka mbele na kucheka kwa sauti ambayo haikuwa yake. Akawaomba radhi wazazi kwa maneno ya kupamba yaliyokuwa kwenye tangazo, akasema watoto siku hizi wanajifunza biashara kwenye redio, malkia wetu si wa kutoka mbali bali ni Zubeda, binti wa bwana shamba wenu mnayemjua. Nilitokea. Halafu mwenyekiti wa kitongoji akapiga makofi, jirani wa kina Konsolata akapiga, na ukumbi mzima ukaangua makofi na vigelegele, watu mia kadhaa, wote wakijua, wakishangilia kwa pamoja uongo mmoja mbele ya wale mabwana wawili waliokaa nyuma. Niliigiza. Maneno yalitoka. Nilipofika kwenye kiti hakinywi maji, watu ndio wanaokunywa, sauti ilikatika, na watu wakadhani ninajua kuigiza. Mgeni rasmi alifuta macho kwa leso na kutuchagua kwenda Kasulu. Wale wawili waliondoka kabla ya pilau. Sikuwahi kujua kama walifunga lile faili au walilifungua zaidi.

Vazi nilimkabidhi mama muuza maharage jioni ileile, nikamwomba alifikishe kama ataweza. Alilikunja bila kuahidi kitu. Kasulu nilikwenda kwa kulazimishwa, tukashika nafasi ambayo siikumbuki. Nyumbani mama aliniambia kwamba mtoto hahesabiwi kosa asilolijua. Baba akawa anatoka mapema zaidi kwenda mashambani, na mwisho wa mwaka akaomba uhamisho. Kwa miezi ile iliyobaki nilipokuwa nikipita sokoni wanawake walikuwa wakishusha sauti, si kwa chuki, ila kama unavyosogeza chombo mtoto mdogo asikivunje. Afadhali wangenitukana. Mabinti wa watu wanatukanwa kwa kumwaga ndoo ya maji, mimi niliyeing'oa nyumba nzima nilinyamaziwa. Nyumba ile ya nyuma ya kilima alipangishwa mwalimu mgeni, na vile vikapu viwili sikuviona tena.

Leo nina duka la kuchapa mabango Dodoma. Mtu angedhani ningekimbia kazi hii mbali, lakini mkono hauna aibu, unarudi ulipozoea. Mambo yamekuwa mepesi mno. Mteja anatuma picha kwa simu, dakika kumi bango la mita tatu linatoka kwenye mashine likiwa kavu, na kabla hajalilipia limeshazunguka kwenye makundi ya simu nchi nzima. Zamani neno langu lilihitaji ukuta, gundi na miguu yangu, na bado lilikimbia kuliko mimi. Siku hizi kila anayeniletea sura ya mtu ninamwuliza kwanza, "Mwenyewe amekubali?" Wanacheka, wananiita mama masharti. Wengine huenda kwa fundi mwingine. Acha waende.

Mwaka jana kazi ilinipeleka Kasulu, nikashikwa na homa, nikaenda kupanga foleni hospitali. Dirishani waliita jina la kike ambalo sikulijua, Anastazia nani sijui, na mwanamke aliyekuwa mabenchi mawili mbele yangu akainuka. Nilimjua kabla hajageuka. Nilimjua kwa jinsi alivyosimama. Miguu yangu ikanipeleka, homa na yote, na jina lake la kweli lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akageuka, akaniona, na hapakuwa na shaka yoyote usoni pake kuhusu mimi ni nani. Kando yake alikuwa na binti wa miaka kama kumi na minne, sare ya shule, shingo ndefu ya bibi yake, yule msusi wa vikapu. Binti akauliza, "Mama, mnafahamiana?"

"Hapana," akasema. "Dada amenifananisha."

Watu kumi na kitu kwenye mabenchi walikuwa wametugeukia, kwa kuwa hospitali hapana kingine cha kutazama. Nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya kuomba msamaha, nimeipanga neno kwa neno usiku na mchana. Nikasema, "Kweli, nimekufananisha. Niwie radhi, mama." Akasema haina shida, watu wanafanana. Alisema kwa upole, na mkono alionipa aliuacha kwenye mkono wangu muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa kwa mgeni, kisha akaenda dirishani kuchukua dawa. Binti akaniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba, nikamwuliza yuko kidato cha ngapi, akasema cha pili. Nikamwambia asome kwa bidii. Jina lake sikumwuliza.